Mwenye Kauli Nyumbani Kwangu

Haya, nakiri: nyumbani kwangu sina kauli. Nimelikana hili tangu nilipoolewa, nikalikana hata mbele ya wanafunzi wangu. Leo nimeumbuka, na nawasimulia mwenyewe kabla Micheweni nzima haijawasimulia.

Mnajua siku hizi utafiti wangu naufanya kwa simu. Nakaa sebuleni kwangu Gombani, navaa miwani (ya kujipa heshima tu, simu haioni), nawauliza akina mama wanaolima mwani baharini kule Micheweni nani huamua mambo nyumbani kwao. Tabu ni kwamba wananijibu kwa adabu tupu. "Vyema, mwanangu." "Twashukuru." Wafadhili wa utafiti wamechoka. Wamesema mahojiano ya leo yakienda hivyo tena, kazi ya simu basi. Na mimi basi.

Leo ilikuwa zamu ya Bi Mwanakombo, mkuu wa kikundi chao. Nikamwomba akae pembeni, maana maswali yangu ni ya siri. Akaitikia. Nikajitutumua: "Bi Mwanakombo, mwanamke lazima awe na kauli. Mimi, kwa mfano, hapa kwangu nikisema nimesema."

Mlango ukafunguka. Mama mkwe.

"Maharage yanaungua, nawe umekaa unajisifu. Inuka. Na hiyo kanga yangu ivue."

Nikainuka. (Ningefanyaje?) Kanga nikaivua njiani. Simu na miwani nikaviacha mezani, simu haijakatwa.

Niliporudi nilisikia vicheko kutoka kwenye simu, si vya mtu mmoja. Kumbe Bi Mwanakombo aliweka spika tangu mwanzo. Walikuwa wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba, mikono yote imelowa, nani angeshika simu sikioni? Kikundi kizima kilinisikia nikijisifu "nikisema nimesema", kisha kikasikia nikiinuliwa kwa ajili ya maharage.

Na mama mkwe alikuwa kwenye kiti changu, na miwani yangu usoni. Ameshawauliza hali za wazee wao na wagonjwa wao, ameshagundua kwamba mmoja wao ni binti wa shoga yake wa Konde. Basi wakafunguka. Nani humficha mumewe pesa za mwani, nani humwogopa wifi yake, kila mmoja akijisema mwenyewe na wenzake wakimkazia. Mimi nilisimama pembeni, naandika.

"Na huyo mkweo yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Yupo, anaandika. Mtoto mzuri huyu, msimcheke. Maharage tu ndiyo hayawezi."

Wakacheka upya.

Mchana kutwa sikula vizuri. (Maharage nayo yalichangia.) Niliwaza: wamenidharau, hawatapokea simu yangu tena, kazi imekwisha. Baada ya Alasiri simu ikaita. Bi Mwanakombo. Akasema wameshauriana, na wamekubali kuendelea na mahojiano mpaka maswali yaishe.

Nikashukuru. Nikamwambia kesho asubuhi nitawapigia.

"Si weye, mwanangu," akasema kwa upole. "Mpe mama simu."

Nikampa.