Leza ya Mwanyumba

Jumatatu, 6 Mei

Mwanyumba kanunua mashine ya leza. Yeye kaoa mdogo mtu, mimi nimeoa dada mkubwa. Ukubwa huo haujawahi kunisaidia kitu. Mashine kaiweka dirishani, mbele kabisa, ng'ambo ya barabara, ili niione kila ninapoinua kichwa kutoka kwenye patasi. Nimeapa sitainua kichwa. Shingo inaniuma kwa kukiinua.

Inaandika kwenye ubao yenyewe, huku yeye kakunja nne anakunywa chai. Miaka yote hii nachonga vibao kwa mkono na hakuna aliyewahi kusimama kunitazama. Kwake watu wamejazana kama wanaangalia mpira. Mama mkwe alikuwa anakuja kwangu, akaishia kwake. Kasema mkwe wake mdogo ana kichwa. Mimi sijui nina nini.

Hospitali mpya inataka vibao vya milango yote. Matroni ataamua wiki ijayo. Lazima kazi hii iwe yangu, maana mke wangu kasema nikiikosa nikaombe kazi kwa mwanyumba. Kalisema kwa upole, ndiyo maana limeniuma.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata dawa yake. Fundi vigae ana kidude cha leza kinachopiga mstari mwekundu ukutani ili vigae visiende upogo. Leza ni leza. Nimekiazima, nikamdanganya napima rafu. Nikafunga mlango, nikakielekeza kwenye ubao, nikangoja moshi.

Ubao haujapata hata joto. Nikakisogeza karibu. Nikapuliza, kama mtu anayewasha mkaa. Wapi! Fundi vigae alikuja kuchukua chake, akanikuta nimepiga magoti napulizia mstari mwekundu. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

Eti cha kwake kazi yake ni kunyooka tu. Mwanga wake hautawanyiki kama wa tochi, unafika ukuta wa pili ukiwa mwembamba vilevile, lakini nguvu ya kuchoma ubao hauna. Wa mwanyumba una nguvu, tena una lenzi ya kuukusanya mahali padogo kama ncha ya sindano. Hapo ndipo panapoungua. Nikamuuliza kayajulia wapi hayo. Kasema mwanyumba alimweleza, wakinywa chai. Kumbe na huyu kashahamia kule.

Alhamisi, 9 Mei

Nimempeleka mama mkwe kliniki ya macho. Mwanyumba ana kazi nyingi, na mama mkwe alinikumbusha hilo njia nzima, kwa fahari. Sukari imemharibia mishipa ya nyuma ya jicho, inavuja. Itazibwa kwa leza. Hata huku!

Nikamuuliza daktari kama jicho halitaungua lote. Akanieleza, kwa subira, kwamba leza ni mwanga wa rangi moja, na rangi huchaguliwa kufuatana na kazi. Huu wa kijani unapita mbele ya jicho kama jua linavyopita kwenye kioo cha dirisha, bila kuunguza, kwa sababu hapo ni angavu. Ukifika nyuma, damu inaunywa, ndipo unapochoma.

Unapita kwenye kitu angavu bila kukiunguza. Nilikaa natabasamu peke yangu. Mama mkwe alidhani nimefurahi kwa ajili yake, akanishika mkono. Nilijisikia vibaya. Kidogo tu.

Ijumaa, 10 Mei

Leza ya mwanyumba ni ya buluu, bila shaka nayo inapita kwenye kitu angavu kama ile ya kijani. Nimeenda kuhakikisha, nikijifanya nimepita kumsalimia. Kanikaribisha, kanipa miwani ya kukinga macho, kanipa na chai. Chai yenyewe nzuri. Nimezidi kukasirika.

Kutoka hapo, moja kwa moja kwa matroni. Nikamshauri, kama mtu anayelitakia jengo lake mema, kwamba vibao vya mbao hushika uchafu. Hospitalini inafaa plastiki angavu, ile kama kioo, unaipangusa kwa kitambaa basi. Kalipenda wazo. Kila mmoja wetu alete sampuli Jumatatu.

Nimerudi napiga mluzi. Mke wangu kaniuliza mimi mwenyewe nitaichongaje hiyo plastiki. Huyu mwanamke anapenda kukatisha watu tamaa.

Jumapili, 12 Mei

Furaha tupu. Nimevuka barabara kumchungulia dirishani akiwasha mashine. Plastiki ikabaki safi kama ilivyotoka dukani, moshi ukafuka chini yake. Mwanga umepita, umechoma meza! Kibao kitupu, na mezani pameandikwa WODI YA WAZAZI, herufi nzuri sana. Nimerudi kwenye kazi yangu nikicheka mpaka patasi ikaniteleza.

Iliteleza kwenye kibao changu cha plastiki. Kimepasuka katikati. Nikachonga kingine polepole. Nacho kikapasuka, polepole. Sijali. Yeye hana, mimi sina. Sikumbuki mara ya mwisho tulikuwa sawa lini.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepeleka kibao changu kimeungwa kwa gundi. Mwanyumba kaleta chake kimefunikwa kitambaa. Akakifunua.

Kaipaka plastiki rangi nyeusi. Rangi imeunywa mwanga, ikaungua pale palipo na herufi, na plastiki haina hata mkwaruzo. Akaweka taa nyuma, herufi zikawaka. Matroni akasema wagonjwa watauona mlango toka mbali. Kazi yote kampa yeye, pamoja na ya jengo la pili. Kisha akatangaza kwamba wazo la plastiki ni langu, nipigiwe makofi. Mwanyumba alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nikamuuliza alijuaje. Kumbe mama mkwe alimsimulia yote ya daktari: angavu inapitisha, damu inakunywa. Naye akatafuta kitu cha kunywa. Na mimi ndiye niliyempeleka mama mkwe kliniki.

Jumatano, 15 Mei

Nimeanza kazi kwa mwanyumba. Alikuja kuniomba mwenyewe, mbele ya mke wangu, kwa heshima zote. Eti kwa kupanga herufi hakuna anayenifikia. Mimi nachora, mashine inachoma. Kanipa kiti chenye mto.

Jicho la mama mkwe limetulia. Amesimama ng'ambo ya barabara akasoma kibao chote tulichoweka dirishani, kisha akasema wakwe zake wote wawili wana vichwa. Wote wawili! Ilibidi niinamie kazi, macho yalikuwa yananiwasha.

Mchana mwanyumba kanionya, kwa nia njema kabisa, nisiweke kwenye mashine shaba iliyosuguliwa. Leza hii haiiwezi, mwanga unarudi kama kwenye kioo cha kujitazamia.

Matroni hajaamua kibao cha lango kuu. Kesho, kabla ya kuingia kazini, nitapita kumweleza jinsi shaba inavyoipa hospitali hadhi. Mimi sijawahi kuchonga shaba, lakini hilo nitalifikiria nikishapewa kazi.