Darasa la Kuhutubia Kimyakimya

Wananchi wa Voi na vitongoji vyake walitangaziwa rasmi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu, kwamba Idara ya Maarifa ya Bure imeamua kuwafundisha watu wazima kuzungumza mbele za watu. Mafunzo yangefanyika ndani ya Maktaba ya Umma ya Birikani. Hakuna karo, hakuna mtihani. Anayetakiwa ni mtu mzima mwenye mdomo.

Sentensi hiyo ya mwisho aliitunga mwenyewe Bwana Thadeus Mwasaru, Kaimu Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Idara, na aliipenda sana. Kila penye watu wengi alimwambia dereva apunguze mwendo ili airudie. Thadeus alikuwa mwaminifu kwa nyaraka za serikali kama wengine walivyo waaminifu kwa ndoa zao, ila yeye hakuwahi kuteleza. Nyaraka mbili zikigongana, hakuuliza ipi ni ya kijinga. Alizishika zote mbili akazioanisha, na kazi hiyo aliiita uwianishaji wa sera.

Pale maktaba alipokewa na mkutubi, Madam Mable Wakesho, mama mpole aliyezoea kuongea kwa kunong'ona hata akiwa sokoni. Madam Mable alimwelekezea kidole ukutani. Ukutani palikuwa na Kanuni ya Utulivu, katika fremu, iliyotolewa na Idara hiyohiyo: Ndani ya maktaba ni marufuku mtu yeyote kuzungumza.

"Sasa Bwana Thadeus, hawa watu nitawafundishia wapi? Nje juani?" Madam Mable akanong'ona.

"Waraka unasema ndani ya maktaba."

"Basi wakiongea tusiwakataze."

"Kanuni inasema wasiongee."

"Basi tuifute hiyo kozi."

Thadeus alimtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyeamua kujitibu kwa limau. "Madam, imeshatangazwa. Kitu kilichotangazwa na serikali hakifutwi. Kinawianishwa."

Akatoka, akakaa ndani ya pikapu vioo vimefungwa, jua la Voi likimpika taratibu. Aliporudi shati lilikuwa limemganda mgongoni lakini uso uling'aa. Wanafunzi watazungumza bila sauti. Midomo itafanya kazi yote, mikono itasaidia panapohitajika, sauti itabaki kifuani kwa mwenyewe.

"Waraka umesema wafundishwe kuzungumza," alieleza. "Haukusema wasikike."

Jumatatu watu wakaja. Hawakuwa wengi, lakini kila mmoja alikuja na donda lake.

Mumbe alikuwa muuza nyanya. Kwa wateja ulimi wake haukuwa na breki, lakini akimwona mtu aliyevaa tai, koo lilikuwa likifunga kama duka la mtu mwenye madeni. Maafisa walipokuja kuuliza wamama wa soko kama wanakubali kuhamishwa, Mumbe ndiye aliyechaguliwa kuwasemea. Usiku kucha alikuwa ameipanga hotuba. Akasimama, akamwona mkubwa wao, akasema, "Asante," akaketi. Ikaandikwa kwamba wamama wameshukuru kwa kuhamishwa. Sasa alikuwa akiuza nyanya kando ya mtaro.

Mzee Sylus aliteremka kutoka Wusi kwa sababu katika kila harusi ya ukoo, mdogo wake ndiye aliyenyakua maiki, na sasa mjukuu wake mwenyewe alikuwa anaolewa. Mutinda, fundi wa pikipiki, alikuwa na shida ya kanisani. Akiombwa aongoze maombi, husema "Amina" kabla hajaanza.

Thadeus aliwasomea utaratibu, kwa ishara na kwa kunong'ona, akiwa mlangoni mguu mmoja nje ili asivunje Kanuni yote.

"Sasa mkubwa," Mutinda akanong'ona naye akiwa amechungulia nje, "nitajuaje kama nimeongea?"

"Utahisi."

"Na mwenzangu atajuaje?"

"Hilo liko nje ya waraka."

Kozi ikaanza. Siku ya kwanza Mzee Sylus alihutubia kwa nguvu nyingi sana, bila sauti, hata meno yake ya bandia yakaruka na kutua kwenye rafu ya historia. Watu wakacheka kwa mabega. Madam Mable akawafundisha kusimama, kuvuta pumzi, kutazama waliokaa nyuma, kutoharakisha neno. Nje, mtu akipita dirishani, aliona kundi la watu wazima wakipanua midomo kama samaki walioteremshwa sokoni, naye akajiombea salama na kwenda zake.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna waraka uliolitazamia. Wakaanza kuelewana.

Haikuwa rahisi, ilichukua miezi. Mwanzoni Mzee Sylus alipomshukuru mama wa bwana harusi, nusu ya darasa walielewa kwamba anamshukuru baba, kwa kuwa mdomo hautofautishi mama na baba, hufumba na kufumbua vilevile. Wakajifunza kutazama mashavu, nyusi, shingo. Wakajifunza kwamba uongo huanzia kwenye pembe ya mdomo. Ilipofika zamu ya Mumbe, alisimama akaitoa ile hotuba ya soko, yote, mpaka mahali pa mvua na watoto na mtaro. Bila sauti hakuwa na hofu, maana kilichokuwa kikimtisha siku zote ni sauti yake mwenyewe. Alipoketi, Mutinda alikuwa anafuta macho kwa kitambaa chenye oili.

Thadeus hakuyaona hayo. Yeye hakuwa mtu wa kutazama watu usoni. Alisimama mlangoni, akasikiliza, hakusikia kitu, akaridhika. Katika ripoti yake aliandika kwamba wanafunzi wote sasa wanazungumza, wanaelewana kwa kiwango cha juu, na malalamiko ya kelele hayapo. Akaigonga mhuri. Alipenda kusema kwamba mhuri wake haujawahi kusema uongo.

Bodi ya Maarifa ya Bure ilifurahi mno. Ikaamuliwa kwamba kozi hiyo, iliyokuwa ikiendelea vizuri, sasa izinduliwe.

Siku ya uzinduzi hema lilisimamishwa nje ya ukuta wa maktaba, mahali ambapo Kanuni haikufika. Wamama wa soko walikuja, wanakwaya walikuja, vijana wa bodaboda walikuja kwa sababu kulisemekana kuna soda. Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Zephaniah Mjomba, alifika amechelewa kwa kiwango kinachomstahili mtu wa cheo chake, akakalishwa kwenye sofa iliyoazimwa sebuleni kwa mtu. Thadeus aliketi kando yake. Wanafunzi walipangwa safu ya mbele, wakiwatazama.

Mchungaji akaitwa kufungua kwa sala. Aliiombea kozi, akaombea maktaba, akaombea mvua, akawaombea ndovu wabaki mbugani na wasikumbuke mahindi ya watu, akahamia kwenye barabara ya Wundanyi na kona zake zote. Watu walifumba macho. Wanafunzi tu ndio waliobaki wameyafumbua. Si kwamba hawakumcha Mungu, ila darasa lilikuwa limewaharibu. Penye mdomo unaocheza, macho yao hayakuweza kulala.

Na mdomo wa Mheshimiwa ulikuwa unacheza.

"Thadeus," alinong'ona akimwinamia, "hili jengo linakaa bure. Wiki ijayo hii kozi mfunge. Tunatoa rafu, shemeji yangu anaweka ukumbi wa harusi."

"Sawa, Mheshimiwa."

"Hawa watu wapigwe picha, wapewe soda, waende."

"Sawa, Mheshimiwa. Na vitabu?"

"Vitabu wape wauza njugu wafungie."

Thadeus alihisi kitu kikimchoma hapa katikati ya kifua. Hakukuwa na waraka kuhusu kitu hicho, kwa hiyo akakiacha kipite. "Sawa, Mheshimiwa," akasema, na mchungaji akasema amina.

Katika safu ya mbele hakuna aliyesema amina.

Mfawidhi wa sherehe akamwita mwanafunzi mmoja aje atoe shukrani, naye akawa Mumbe, maana jina lake lilikwishawekwa kwenye ratiba. Akapewa maiki. Akamtazama Mheshimiwa, akaiona tai, ikawa kama siku ile ya soko. Akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu. Kwa mazoea ya darasani, midomo yake iliendelea kusema peke yake.

"Maiki imezima!" kijana mmoja wa boda akapaza sauti, watu wakacheka.

Thadeus akashusha pumzi. Atasema asante, aketi, tunywe soda.

Mumbe akawageukia wenzake. Mutinda, aliyewahi kusema amina kabla ya wakati, alikuwa anamwambia kwa midomo tu, polepole, neno moja: Sema.

"Asante," Mumbe akasema.

Meza kuu ikapiga makofi na kuanza kutazama ratiba.

"Sijamaliza."

Sauti ilitoka nene kuliko mwenyewe alivyotarajia, ikaenda mpaka kwa waliosimama nyuma. Ilimshtua kidogo, halafu akaizoea.

"Namshukuru Mheshimiwa kwa uwazi wake. Wakubwa wengi hutuficha mambo. Lakini yeye, hata mchungaji akiwa bado anaomba, ametueleza kila kitu. Ametueleza kwamba wiki ijayo kozi itafungwa. Ametueleza kwamba hapa ndani shemeji yake ataweka ukumbi wa harusi. Sisi tupigwe picha, tupewe soda, twende. Tunamshukuru kwa soda."

Mheshimiwa akainuka kutoka kwenye sofa, jambo lililochukua muda kwa sababu sofa ilikuwa laini.

"Uongo mtupu! Nani hapa amenisikia nikisema hayo?"

"Hakuna aliyekusikia, Mheshimiwa," Mumbe akasema kwa adabu. "Tumekuona. Kozi yetu ndiyo hiyo."

"Na vitabu je?" Mzee Sylus akadakia. "Amesema wapewe wauza njugu."

"Mimi nilikaa kando, sikuona vizuri," Mutinda akasema. "Ni njugu ama ndizi?"

"Njugu!" likajibu darasa zima.

Mchungaji alisogea mbele, uso umemwiva. Hayo ya ukumbi angeweza kuyavumilia, alisema, lakini kuongelea shemeji wakati yeye bado anaziombea kona za Wundanyi mbele za Bwana, hapana. Wamama wa soko walikwishasimama. Mheshimiwa akamshika Thadeus begani.

"Waambie hawa watu! Waambie haiwezekani mtu kusoma mdomo wa mwenzake! Wewe ndiye afisa."

Thadeus akainuka. Hakuwahi kumkatalia mkubwa katika maisha yake. Akiwa mdogo hata chanjo alikuwa akiiendea mwenyewe. Lakini sasa aliona mambo mawili yamegongana mbele yake, na kwa mara ya kwanza hayakuwianishika. Akisema hawawezi, basi ripoti ni ya uongo, na mhuri ni wa uongo, na yeye alisimama mlangoni miezi yote ile akilinda upepo. Jasho likamtiririka. Kile kitu cha kifuani kikarudi, safari hii kikakataa kupita.

"Mheshimiwa," akasema, akajikohoza, "kwa mujibu wa ripoti niliyowasilisha, na ambayo Bodi yako iliipitisha kwa kauli moja, wanafunzi wanaelewana kwa kiwango cha juu. Kozi imefaulu."

Kelele zilizozuka zilivuka ukuta, zikaingia maktaba, zikazunguka rafu zote. Madam Mable, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, hakuweka kidole mdomoni. Alikuwa anapiga vigelegele.

Kozi haikufungwa. Bodi ilitoa taarifa kwamba maneno ya Mwenyekiti yalikuwa mzaha wa faragha uliotazamwa bila idhini. Mumbe alikwenda ofisi ya soko wiki hiyohiyo akasema yake yote. Kibanda chake cha sokoni hajarudishiwa, lakini siku hizi wakiitisha mkutano, kabla ya kufunga humwuliza kama amemaliza. Thadeus aliandikiwa barua ya onyo, akaisoma, akaikuta ina makosa ya kisarufi, akairudisha kwa marekebisho.

Aliyeumia ni Mheshimiwa. Popote alipokwenda Voi, aliona watu wakimtazama mdomo. Hotelini, kanisani, hata kwa kinyozi. Akaanza kuongea akiwa amejifunika kwa faili, na asipokuwa na faili, kwa kiganja. Hapo hakuonekana, lakini pia hakusikika. Aliagiza chai akaletewa chapati. Na siku alipompigia simu shemeji yake, kiganja kikiwa mdomoni, kumwambia kwamba mpango umeharibika na vile viti vya harusi, ambavyo Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amevilipia, asivilete, shemeji alishika neno la mwisho tu, tena nusu yake.

Lori likafika Maktaba ya Birikani Jumatatu, likashusha viti vyeupe vyenye mito na utepe wa dhahabu mgongoni. Dereva akauliza nani anapokea. Thadeus, aliyekuwa amekuja kukagua, akasoma karatasi ya mzigo, akaona imeandikwa maktaba. Akapokea kwa niaba ya umma. Akagonga mhuri.

Watu walikuwa wameshaketi, Mzee Sylus akiupapasa mto kwa heshima, simu ya Thadeus ilipoita.

"Thadeus! Hivyo viti ni vyangu!"

Thadeus akatoka mlangoni, miguu yote miwili. "Samahani, Mheshimiwa, sikukusikia. Viti vya nani? Vya kazi gani?"

Kwa upande wa pili kiganja kikarudi mdomoni, sauti ikawa mvumo tu.

"Ukiona kuna ugumu wa kulisema hilo mbele za watu," Thadeus akaendelea kwa upole wa kiofisi, "karibu darasani. Nafasi ipo. Ni bure."