Sehemu Tano za Kupumzikia Karibu na Ilomba

Jumamosi, 6 Julai 1974
Likizo imekubaliwa! Siku saba, kuanzia Jumatatu. Tusekile alishapanga nguo tangu jana. Anataka kwenda Kihesa, Iringa, kwa dada yake Tupokigwe. Nilimwahidi. Tangu tumzike mtoto mwezi Aprili hajaomba kitu kingine. Zamani aliniita Baba Gideoni. Siku hizi haniiti kitu.

Lakini saa sita Bwana Liberatus, mkuu wetu, alitukusanya ofisini. Mafuta ya magari ni ya shida nchi nzima. Anataka mfanyakazi mmoja aandike ushauri wa kubandika kwenye ubao wa matangazo: sehemu tano ambazo mtu anaweza kwenda kupumzika na kurudi siku hiyohiyo. Saulo akanyoosha mkono. Saulo! Mzee wa masijala anastaafu Agosti, na kiti chake tunakitaka wawili. Nikanyoosha wangu juu zaidi. Bwana Liberatus akasema tuandike wote, atachagua.

Nimemweleza Tusekile kwamba Iringa imesogezwa mbele kidogo tu. Akatoa khanga moja sandukuni, akajifunga, akaenda kupika.

Jumatatu, 8 Julai
Sehemu ya kwanza: mlima Loleza, juu ya mji wa Mbeya. Tumepanda tangu alfajiri. Baridi ya kukata masikio. Ukungu kila upande, sikuona hata viatu vyangu. Tusekile aliketi juu ya jiwe, mikono ndani ya khanga. Nikamwambia avute subira, mji wote utaonekana.

Saa nne ukungu ukafunguka kidogo, mahali pamoja tu. Paa la hospitali. Wodi ileile alimolazwa mtoto. Tusekile alilitazama mpaka likafunikwa tena, kisha akaomba tushuke. Nikaona afadhali niandike.

Nimeandika: "Hali ya hewa ikiruhusu, huonekana baadhi ya majengo muhimu ya serikali."

Jumanne, 9 Julai
Nimepata wazo ambalo Saulo hawezi kulipata hata akilala na kitabu kichwani. Mtu apumzike nyumbani kwake kama mgeni! Hakuna gari, hakuna mafuta. Nikatoka nje na mkoba, nikazunguka nyumba, nikapiga hodi. Tusekile akafungua, akaniuliza nimesahau nini. Nikamweleza kwamba mimi ni mgeni kutoka mbali. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akanikaribisha, akanipa kiti cha sebuleni, akaleta chai kwenye vikombe vya harusi.

Nikakaa vizuri. Nikauliza habari za hapa. Akajibu hapa ni pazuri ila pana baridi. Baada ya kikombe cha pili akaniuliza kwa adabu kabisa mgeni anaondoka lini.

Nimeandika: "Huduma nzuri."

Jumatano, 10 Julai
Kesho Ngosi, kwenye ziwa lililo ndani ya mlima! Shigela, dereva wa chama cha ushirika, anakwenda Tukuyu na Landrova. Atatushusha Isongole, jioni atupitie.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Baba yangu, Mzee Isakwisa, amekuwa kwa kaka yangu wiki nzima kwa ajili ya macho. Anarudi kwake Kyimo kesho. Apande nasi! Anajua habari zote za Ngosi, majoka na yote. Saulo atatoa wapi mzee kama huyo?

Kuna kikwazo kimoja. Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe. Miaka sita ya ndoa Tusekile hajawahi kusimama mbele ya Baba. Wakikaribia kukutana njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Hata kwenye msiba wa mtoto wetu Baba alilia nyuma ya nyumba na Tusekile alilia ndani. Ila nimelifikiria hili kwa makini. Baba haoni vizuri. Sote ni watu wa kanisa. Dunia imebadilika. Sijamwambia yeyote kati yao, wasije wakajisumbua bure.

Alhamisi, 11 Julai
Aibu! Aibu!

Shigela alipiga honi saa moja. Baba alikuwa tayari kiti cha mbele, na kofia yake. Tusekile akatoka na kikapu. Akaiona kofia. Kikapu kikaanguka, khanga ikapanda kichwani, akakimbilia nyuma ya choo. Baba, macho mabovu hivyohivyo, aligeuza uso dirishani na kuuliza kwa Kinyakyusa kama nimerogwa. Shigela ni Msukuma wa Usangu, naye kwao wana heshima zao kwa wakwe, lakini alisema hajawahi kuona mtu mzima akipanga jambo kama hili kwa makusudi.

Nilipendekeza tutundike blanketi katikati ya viti. Mwishowe Tusekile mwenyewe akapanda nyuma, kati ya magunia ya mbolea, akajifunika turubai gubigubi. Nilidhani amekubali safari. Sasa nafikiri alichoka tu kubishana.

Kabla ya Isongole mvua ya manyunyu, utelezi, Landrova ikazama. Lazima kusukuma. Baba akashuka, akasimama akitazama msitu, mgongo kwetu. Tusekile akabaki chini ya turubai. Tukasukuma mimi na Shigela, na gari halikusogea. Nikaona nisipoteze muda, nikamwomba Baba anieleze kina cha ziwa.

Baba aliisemesha miti, kwa sauti, ili isikike.

"Mwambieni huyo aliye nyuma kwamba nami nilimlilia yule mtoto. Nililia sana. Sikuwa na njia ya kumwambia."

Matone ya mvua juu ya turubai. Kisha turubai likasema polepole:

"Mwambieni mzee nimesikia. Mwambieni asante."

Na hapo Tusekile akalia. Tangu Aprili sijamsikia akilia vile. Shigela akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na ubovu wowote. Mimi nilisimama katikati na kijitabu changu. Nilitaka kuinua turubai, nikaona vibaya mbele ya Baba. Baadaye Baba, bado akitazama msitu, akaniuliza mwanamke huyu anataka nini. Nikasema anataka kwenda Iringa kwa dada yake. Akaniuliza, basi kwa nini tuko Isongole?

Gari lilikwamuka jioni, na ziwa hatukuliona. Kina chake sijui mpaka sasa. Nimeandika: "Njiani pana mazungumzo mazuri na wazee."

Ijumaa, 12 Julai
Tusekile ameongea asubuhi bila kuulizwa. Amesema basi la Iringa lipo kesho.

Nikamweleza kwamba zimebaki sehemu mbili, kwamba Saulo amekwisha fika Songwe kwenye maji moto, kwamba kiti cha masijala kina mito. Nikamwambia kesho ni kimondo cha Mbozi, jiwe lililotoka mbinguni, litamfurahisha.

Akasema: "Mimi sikuomba kutembezwa. Niliomba kwenda kwa dada yangu."

Nimemwahidi Jumapili bila kukosa. Akaitikia kwa kichwa. Nafurahi ameelewa. Amekataa kuja Mbozi, lakini kila mtu na mapenzi yake.

Jumamosi, 13 Julai
Mbozi, juu ya lori la mahindi. Kimondo ni kikubwa kweli. Na nani ameketi juu yake anakula kiazi? Saulo! Tumebishana nani amekifikia kwanza. Alipopima urefu nikapima upana. Alipoandika "cheusi" nikaandika "cheusi sana".

Nimerudi jioni. Nyumba imefagiwa. Chai kwenye chupa. Sanduku halipo.

Jirani yetu Mama Tekla akaja uani kunieleza. Shigela alipitia saa tatu, anapeleka vipuri Iringa. Baba alimtuma. Alipofikishwa Kyimo juzi, alimwomba Shigela ampeleke mkwe wake mpaka mlangoni kwa Tupokigwe, amheshimu kama mama yake. Nikauliza Tusekile amesema anarudi lini. Mama Tekla akasema hakusema.

Nimekunywa chai yote. Nilikaa kiti cha sebuleni. Nyumba hii ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nimeogopa.

Jumatatu, 15 Julai
Kazini. Nimekabidhi ushauri. Ninazo sehemu nne, Saulo anazo nne. Kimondo tumegongana. Bwana Liberatus amesema atakayeleta ya tano kwanza ndiye.

Jioni nilikwenda stendi basi la Iringa lilipoingia. Wameshuka watu wengi, na mbuzi mmoja. Nimekwenda pia kesho yake na keshokutwa yake. (Naandika haya Jumatano, sikuwa na moyo juzi wala jana.)

Alhamisi, 18 Julai
Shigela amerudi na barua ya Tupokigwe. Tusekile anakula. Analala. Jumatatu alicheka, jambo dogo tu la kuku aliyeingia jikoni. Dada mtu anaandika waziwazi: Tusekile yuko tayari kurudi, ila nimfuate mwenyewe, nifike Jumamosi hii. Nisipofika Jumamosi, nisijisumbue tena, atakuwa ameelewa.

Nimeisoma mara tatu. Nampenda mke wangu, nani asiyejua? Nikaenda moja kwa moja kuomba ruhusa.

Bwana Liberatus akanishika bega kabla sijafungua mdomo. Amepokea sehemu yangu ya tano, niliyoiacha mezani kwake asubuhi: "Stendi ya mabasi. Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Ilomba. Pana benchi." Amesema ndiyo bora kuliko zote, haina gharama hata kidogo. Anataka Jumamosi hii niwaongoze wafanyakazi wote kupanda Loleza. Saulo alikuwa anasikiliza. Ungeuona uso wake!

Nimemwandikia Tusekile usiku huu. Nimemweleza nitafika Jumamosi inayofuata bila kukosa, kwamba wiki moja si kitu kwa watu wenye miaka sita ya ndoa. Na kwa kuwa yuko hukohuko Kihesa na ana nafasi, nimemwomba aniandikie sehemu mbili tatu nzuri za kupumzikia.