Matairi ya Kashata ya Kuposea

Jumatatu, 28 Aprili

Siku imepangwa! Jumamosi tunakwenda Yaeda Chini kumposea Renatus wangu. Binti anaitwa Violeth, mwalimu, mpole. Baba yake, Mzee Nikolausi, si mpole. Ametuma neno tufike saa nne asubuhi. Mwaka jana watu wa Balangdalalu walichelewa, akawanywesha uji akawarudisha kwao. Uji tu!

Renatus ana miaka thelathini na sita. Akirudishwa huyu, nitazeeka bila mkwe. Lakini nani amrudishe? Daktari wa ng'ombe, yuko Babati. Daktari ni daktari. Ana gari refu jeusi. Kijiji chetu cha Maretadu kizima hakuna mwenye mtoto wa namna hii. Sijisifu, naandika tu.

Gari la pili ni la Joakimu, mtoto wa Kornelia, mke wa shemeji yangu. Matairi yote vipara, yanang'aa kama kichwa cha mume wangu Tadeo. Nimemwonea huruma. Kidogo.

Jumanne, 29 Aprili

Nimetukanwa kwenye mashine ya kusaga. Kornelia kasema, mbele ya foleni nzima, kwamba Joakimu ndiye atatangulia Jumamosi maana hubeba maharage njia ile. Nikamjibu kwa upole kwamba anayetangulia ni anayeoa. Akasema anayetangulia ni anayejua njia, "dada yangu, usije ukaposa kwenye shimo." Wakacheka. Nimerudi na unga na hasira.

Nimewaza njia nzima. Gari la Renatus lazima liwe na kitu ambacho la Joakimu halina. Kitu cha kuonekana kutoka mbali.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeshuka Dongobesh kwa Saleh, muuza matairi. Kijana wa heshima, shikamoo yake unaisikia kabla hujafika mlangoni. Kanieleza yote. Matairi ya Renatus ni ya njia zote: lami, kokoto, vumbi, na tope la kiasi. Hayana kelele, hayali mafuta. Halafu yapo ya kashata, meno makubwa makubwa kama kashata zilizopangwa kwenye sinia. Hayo ni ya tope zito. Kwenye lami yanalia, kwenye mawe yaliyolowa yanateleza, na breki inabidi uikumbuke mapema. Akasema mama, mtu wa Babati hayahitaji, labda siku mbili kwa mwaka.

Nikamuuliza yapi yanatisha zaidi ukiyatazama.

Akasema, ya kashata.

Nikamwambia basi tumeelewana.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Renatus amekuja nyumbani kupumzika. Hajapumzika. Alisema matairi yake ni mazima na hataki mengine. Nikamkumbusha nilivyombeba mgongoni na surua yake hadi zahanati, mvua inanyesha. Akasema mama, hiyo surua umeshanikumbusha wakati wa kuchagua shule, wakati wa kununua gari, na wakati wa kuchagua rangi ya gari. Nikalia kidogo, kwa jicho moja. Akachukua funguo.

Saleh amebadilishana nasi: kachukua yetu, katupa ya kashata. Lo! Gari limekuwa simba. Tulivyorudi lilinguruma hadi kuku wakaingia ndani kwa Kornelia. Tadeo akatoka kuuliza nani kaleta trekta.

Renatus kaniomba ahadi moja. Kwenye tope gari halisimami. Meno haya yanajisafisha yakizunguka. Ukisimama, udongo unayajaza na unakaa hapo. Kwa hiyo asisimamishwe na mtu yeyote. Nimeahidi. Mimi ni mtu wa ahadi.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua! Imenyesha tangu asubuhi. Watu wananuna, mimi nimepiga vigelegele jikoni. Kornelia katuma salamu kwamba Joakimu naye kaenda Dongobesh kupata matairi mengine. Ya mtumba! Nimecheka hadi maharage yakaungua.

Jumamosi, 3 Mei

Jioni. Nimeoga mara mbili na bado nina udongo masikioni.

Tulitangulia. Mimi kiti cha mbele, na kitenge changu kipya. Mteremko tuliushuka vizuri, ingawa pale kwenye mawe gari lilicheza ngoma na Tadeo akasali kwa sauti. Tukaingia mbugani, udongo mweusi, tope la kumeza ndama. Kashata zikala! Tope likaruka hadi kwenye paa. Nikageuka kumtazama Kornelia nyuma. Mdogo kama siafu.

Ndipo nikamwona yule mzee. Amesimama pembeni na ng'ombe zake, kofia mkononi, anatutazama. Renatus akasema atapiga honi na kupunga mkono. Honi! Kwa mzee! Na sisi tunakwenda kuomba binti wa watu! Nikamwambia shikamoo haitolewi kwa honi, simama. Akasema mama, uliahidi. Nikasema niliahidi kuhusu watu, siyo wazee.

Akasimama.

Nikatoa shikamoo. Mzee akaitikia marahaba taratibu, akauliza habari za nyumbani. Za mvua. Za ng'ombe. Sisi ni wa ukoo gani. Bibi yangu alizikwa wapi. Nilijibu yote vizuri. Mwanzoni nilikuwa namwangalia mzee kwa juu. Tulipofika kwa bibi, nilikuwa namwangalia kwa chini.

Gari lilikuwa limezama hadi ekseli.

Joakimu akapita. Hakusimama! Kornelia ametoa kichwa na mikono yote miwili dirishani, anapaza sauti, "Shikamoo babaaa!" na marahaba ikamkuta mbali. Salamu gani ya kukimbia namna hiyo?

Walisimama mbele kwenye udongo mgumu, wakarudi na kamba kutuvuta. Sisi tukasukuma. Kitenge kimekufa. Renatus, akiwa amepiga magoti topeni kufunga kamba, akayatazama matairi ya Joakimu kwa muda mrefu. Akasema, mama, haya ni yangu. Ni kweli! Saleh kamuuzia jana. Matairi ya Renatus yamemvuta Renatus. Joakimu akasema, "Mama mkubwa, asante, yanashika vizuri mno."

Tukafika saa saba na nusu. Mzee Nikolausi mlangoni. Uji ulikuwa mezani. Niliuona! Vikombe vimepangwa. Renatus kainamisha kichwa, na mimi, mara ya kwanza maishani, sikuwa na neno.

Kornelia akalisema yeye. Akamwambia mzee kwamba kosa ni letu, ila dada yake huyu hawezi kumpita mzee njiani bila kumwamkia, hata gari lizame, na mtoto wake hawezi kumkatalia mama yake. Kama hilo ni baya, atupe uji twende.

Mzee akatutazama, mmoja mmoja, tulivyo na tope. Nyuma yake Violeth akashindwa kujizuia, akacheka. Mzee akasema uji upelekwe kwa watoto, iletwe nyama.

Tumekubaliwa! Renatus wangu anaoa!

Jumapili, 4 Mei

Kanisani wote wamempongeza Kornelia kwa maneno yake. Nami nimempongeza. Nimemkumbatia kweli, kwa moyo. Kisha nikawaeleza wanakwaya kwamba asingeweza kuyasema kama mimi nisingesimamisha gari.

Renatus anataka kurudishiwa matairi yake. Hajaelewa. Kosa halikuwa kusimama, kosa ni kashata ndogo. Saleh anazo kubwa zaidi, nilizichungulia nyuma ya duka. Kesho nashuka Dongobesh. Surua bado naikumbuka.

Tunarudi Yaeda Chini mwezi ujao kupanga mahari. Yule mzee wa ng'ombe kanitajia wenzake wanaokaa kando ya njia ile. Wako saba. Nimeandika majina yote. Tutasimama kumwamkia kila mmoja.