Taji Lililokatika Kwenye Hela ya Tabora

Dodoma, Mei 1916

Kwa Bwana Akida wa mji huu, mwenye heshima zake,

Salamu nyingi. Mimi ni Zaidi, muuza chumvi niliyehamia hapa tangu vita vilipofunga njia ya Kondoa. Nyumbani sote wazima, isipokuwa shemeji yangu Msafiri, ndugu wa mke wangu. Yeye tangu juzi amefungwa mnyororo bomani, na kesho anangojewa na viboko hamsa ishirini. Kosa lake, nasikia, ni kuharibu taji la Kaisari kwenye sarafu ya hela ishirini. Kwa adabu zote nalalamika kama ifuatavyo:

1. Askari alimkamata sokoni akipiga kelele, "Umelikata taji kwa tupa!" Katika vuta nikuvute sarafu ikaanguka, mke wangu Kuluthumu akaiokota. Nimeitazama juani. Kweli taji limesogea ukingoni, nusu yake haipo. Lakini tupa huacha mikwaruzo, tena huila shaba ikawa nyembamba. Hapa palipo patupu ni laini, na unene ni ule ule. Sarafu hii haikujeruhiwa na mtu. Imezaliwa hivyo huko Tabora, kwenye mashine ya kugonga sarafu.

2. Nilikwenda bomani kumwonyesha karani kwamba hata tarakimu zimegongwa mara mbili. Akasema hiyo ni nyundo ya Msafiri. Nikamwambia, "Nyundo ingebonyeza na upande wa pili, bwana, nao ni mzima." Akaniuliza, "Unataka kuifundisha serikali?" Nikajibu hapana, namtaka shemeji yangu tu.

3. Sarafu yenyewe Msafiri alilipwa hapo hapo bomani, ujira wa kubeba unga wa askari. Kama kuishika ni hatia, aliyempa aliishika kwanza.

4. Kwa hiyo naomba adhabu imfikie mkosaji. Mashine ya Tabora iletwe kwa gari moshi, ilazwe kifudifudi mbele ya boma, ipigwe hamsa ishirini. Ikiwa ina kazi nyingi za vita, basi askari wapekuliwe mifuko siku ya mshahara, na kila mwenye taji bovu afungwe. Nachelea tu kwamba hatabaki wa kushika mnyororo.

Msafiri hana hatia, ana mgongo mmoja tu, na uwele wake shambani umeiva.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na karani naye nimemsamehe.

Mimi mtiifu wako,
Zaidi

Baada ya sahihi: Kuluthumu amerudi sasa hivi kutoka kumpelekea ndugu yake chakula. Kumbe sarafu aliyoiokota ni nyingine. Ile ya kesi anayo askari, na Msafiri mwenyewe ameikata pembeni kwa tupa apate kipini cha pua cha mchumba wake, Sikudhani. Kimempendeza sana. Karatasi ni adimu siku hizi na wino umeshakauka, kwa hiyo barua naileta hivi hivi. Palipoandikwa "hana hatia", tafadhali pasomwe "ana mchumba".