Okestra ya Haragwe Moja

Tarehe 3, Jumatatu
Likizo yangu imeanza. Raha! Mke wangu, mwalimu wa biolojia, anatengeneza video ya jinsi mbegu inavyochipua. Kamati ya vipindi vya shule itaitazama Ijumaa ya wiki ijayo. Ikipita, atapewa kufundisha masomo kumi na mawili kwa video. Hii ndoto yake ina miaka minne, na ameshakataliwa mara mbili. Safari hii ameweka haragwe moja ndani ya bilauri yenye pamba, chumba cha wageni, na kamera mbele yake. Haiguswi mpaka siku ya tisa. Akanieleza kamera yenyewe inavyofanya kazi. Sikushika yote, nilikuwa na muziki masikioni.

Muziki ndio unaokosekana. Anataka wa klasiki, wa kusindikiza. Nikajitolea papo hapo. Akasema ameshamwomba mdogo wake. Shemeji! Anapiga fidla, sikatai, lakini siku hizi kila mwenye fidla ni mtaalamu? Nikanuna kidogo. Akacheka, akasema haya basi, kila mmoja alete chaguo lake Alhamisi ya wiki ijayo.

Shemeji hanijui huyu.

Tarehe 4, Jumanne
Nimegundua siri ya kazi. Video itakuwa ya dakika sita na sekunde kumi na mbili. Kwa hiyo natafuta muziki wa dakika sita na sekunde kumi na mbili. Kwisha! Sijui watu wanasomea nini miaka yote hiyo.

Nimeupata. Fidla nyingi, ngoma nzito, mwendo wa taratibu, heshima tele. Nikaupiga sebuleni. Mama mkwe, ambaye yuko kwetu wiki hizi mbili (haragwe limemnyang'anya chumba cha wageni, analala chumba kidogo), akaweka kikombe chini, akajifunika mtandio vizuri, akauliza kwa upole nani amefariki.

Shemeji akathibitisha kwa simu kwamba ni muziki wa mazishi. Alicheka mpaka akapaliwa. Nilimsikiliza akikohoa na sikumwambia pole.

Tarehe 5, Jumatano
Wazo! Muziki hauchaguliwi sebuleni. Unachaguliwa mbele ya mhusika. Mke wangu alipoondoka kwenda shule, nikajipenyeza chumba cha wageni na spika yangu. Kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, haina taa, haina sauti, imelala fofofo. Nikavuta kiti, nikakaa na haragwe uso kwa uso. Limevimba, maskini. Nikalipigia filimbi. Halikujali. Nikalipigia piano. Halikujali. Gumu kulipendeza kama mama yake.

Nimerudi humo mara tatu. Mara ya tatu nilikula ndizi.

Tarehe 7, Ijumaa
Mzizi umetoka! Niliuona kwa macho yangu! Niliingia asubuhi, nikaona ganda limepasuka, nikasema sibanduki hapa. Adhuhuri ukachungulia, mweupe, mwembamba, umejikunja. Machozi yalinilengalenga, sitamwambia mtu. Nikachukua mwiko jikoni nikaongoza okestra nzima, tarumbeta na kila kitu.

Mke wangu akarudi mapema, akanikuta mlangoni nikitoka. Nikamwambia nilikuwa natafuta soksi. Akautazama mwiko. Akasema haya.

Tarehe 9, Jumapili
Shemeji alikuja kula mchana. Kataja chaguo lake bila hata kuulizwa: piano peke yake, kidogo mwanzoni, kidogo mwishoni. Katikati dada yake aongee bila kusumbuliwa. Yaani katikati hakuna kitu! Huo ni uvivu, tena wa waziwazi. Mimi nina vipande kumi na saba, vimefuatana bila pengo. Akauliza mwalimu atasikika saa ngapi. Nikamjazia sahani tena ili mdomo upate shughuli.

Tarehe 13, Alhamisi
Siku mbaya.

Mke wangu aliunganisha picha asubuhi, akatuita sebuleni kuchagua muziki: mimi, shemeji, mama mkwe. Haragwe likaanza kuvimba. Ghafla uso wangu, mkubwa kama mlango. Ukatoweka. Ukarudi na ndizi. Ukatoweka. Ukarudi umefumba macho, mwiko juu.

Kumbe kamera inapiga picha yenyewe kila baada ya dakika kumi, usiku na mchana. Ndicho alichonieleza ile Jumatatu.

Shemeji alianguka kwenye zulia. Mama mkwe alijificha ndani ya mtandio, mabega yakitikisika. Mke wangu hakucheka. Alikaa tu, mikono mapajani. Picha nyingi zilifutika bila shida. Lakini Ijumaa nilishinda humo, na mzizi ulitoka pembeni ya sikio langu. Ukinifuta mimi, unafuta na mzizi. Kuotesha haragwe jingine ni siku tisa, na kamati ni kesho.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba msamaha. Akasema najua. Muziki ukawa wa shemeji. Sikubisha hata neno moja. Nilimchemshia chai mke wangu, nikakaa naye mpaka ikapoa, hakuinywa.

Tarehe 14, Ijumaa
Nilimsindikiza, nikambebea mkoba. Wanakamati watano, meza ndefu, mwenyekiti ni mama mwenye miwani shingoni. Piano ikaanza, ikanyamaza. Mke wangu akasikika vizuri, kila neno. Hata mimi nimeelewa mzizi unavyofanya kazi, mara ya kwanza katika miaka kumi na sita ya ndoa.

Kisha ganda likapasuka, na mimi huyo. Mwenyekiti akasimamisha video. Akavaa miwani. Akauliza huyu bwana ni nani.

Mke wangu akasimama.

"Ni mume wangu," akasema. "Alikuwa anausubiri mzizi utoke."

Mwenyekiti akarudisha video nyuma, akaitazama tena. Ndipo nami nikajiona: macho yamenitoka, mdomo wazi, nimefurahi kupita kiasi, na mzizi huo unachungulia.

"Nimekagua masomo mwaka wa ishirini huu," akasema mwenyekiti, "sijaona mwanafunzi akiitazama mbegu hivi. Iacheni kama ilivyo."

Wamempa! Masomo yote kumi na mawili! Masharti mawili tu: muziki ubaki kidogo, na huyo bwana asionekane tena. Ukumbini mke wangu alinishika mkono, akacheka kicheko ambacho kilikuwa kimembana tangu jana, akalia pia. Alisema mimi ni balaa lake. Hajawahi kuniambia neno tamu kama hilo.

Tarehe 15, Jumamosi
Nimewatafakari wale wanakamati. Watu wa ofisi lazima waweke masharti, ndiyo kazi yao. Ila nilimwona mwenyekiti alivyotabasamu.

Somo la pili ni kiwavi kugeuka kipepeo. Wiki tatu mfululizo mbele ya kamera. Nimeshapata vipande ishirini na vitatu vya okestra, na shati jeupe nimelipiga pasi.