Mito Minne ya Kitanda cha Sabiha

Ngamiani, Tanga
Ijumaa, 9 Machi 1956

Kwa Shemeji yangu Bwana Miraji,
Karani wa Mizigo, Stesheni ya Moshi.

Shikamoo shemeji.

Ujue kwanza kwamba kuanzia hapa Tanga hadi ng'ambo ya Pangani hajazaliwa mtu wa kushika sindano mbele yangu. Madirisha ya Raskazone nimeyavisha mimi. Upepo wa bahari ukifika kwenye pazia nililolishona husimama kwanza, ukatazama pindo, ndipo ukapita. Darasa la sita niliacha kwa hiari yangu, kwa kuwa mwalimu alikuwa amebakiwa na mambo machache ya kunifundisha nami sikutaka kummalizia. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema upate kujua ni mtu wa namna gani anayedharauliwa ndani ya nyumba yako.

Shauri lenyewe ni hili. Kile kitanda cha mtoto ulichokinunua mnadani kwa yule Mzungu aliyerudi kwao, chenye fito pande zote nne, kinamtesa mwanao. Sabiha sasa ana miezi minne na nusu, amejua kujipindua, naye hujipindua kama aliyeitwa. Jumamosi aligonga paji la uso kwenye ufito akaota nundu kama kunazi. Jumatatu mguu ulipita kati ya fito mbili ukakwama mpaka gotini, tukauchomoa kwa mafuta ya nazi. Na ni wewe uliyeandika, "Mwangalieni mwanangu asiumie." Wenzangu waliisikiliza barua, wakaikunja. Mimi nilitii. Nilishona mito minne mirefu ya bafta nyeupe, nikaishindilia sufi mpaka ikawa minene kama paja la mtu mzima, nikaifunga kwa kanda kwenye zile fito, pande zote. Sasa mtoto analala kama binti wa Liwali, na shukrani niliyoipata ni hii ifuatayo. Naitia namba usije ukapotea.

1. Mama yako mzazi, Bi Mwanasiti, ambaye namheshimu sana na kila asubuhi namwamkia hata kama haitikii, alisimama mlangoni siku ya kwanza, akaikagua kazi yangu tangu mto wa kwanza hadi wa nne, akasema: "Idarusi, mtoto unamzungushia bafta, kwani tunamzika?" Shemeji, bafta hiyohiyo ndiyo kanzu yako ya Idi. Mbona ukiivaa hatukuiti marehemu? Nilipomweleza kwamba hii ni elimu, alinijibu kwamba elimu yangu iliishia darasa la sita, na sufi yangu nayo iishie barazani. Kitanda anakiita tundu la kuku. Anataka mtoto alale naye kwenye kitanda chake cha kamba, ambacho kimebonyea hivi kwamba ukiweka embe upande wa ukutani, utaliokota katikati.

2. Wanja. Huyuhuyu Bi Mwanasiti akimaliza kumwogesha mtoto humpaka mafuta ya nazi mpaka ang'ae kama sufuria ya dukani, kisha humchora nyusi mbili nene kama masharubu ya askari, na doa jeusi katikati ya paji, ati kumkinga na jicho la hasidi. Hasidi yupi? Nyumba hii tunaingia sisi na kuku wa jirani. Tena wanja wenyewe anautengeneza kwa masizi yake, na anajigamba kwamba ukigusa nguo hautoki kwa sabuni wala kwa maji ya moto. Nilimwomba kwa adabu ampunguzie, kwa kuwa bafta yangu ni nyeupe. Akasema, "Afadhali bafta ichafuke." Mtu mzima huyo, shemeji.

3. Nesi Dorkasi. Huyu ni binti wa Kibondei anayepita majumbani kupima watoto, na kofia yake imetiwa wanga mpaka inaweza kutembea bila yeye. Alikuja Jumatano. Hakuketi, hakunywa chai. Aliubonyeza mto wangu kwa kidole kimoja, kidole kikazama, akamwambia dada yangu mbele yangu, kana kwamba mimi ni ndoo: "Mama Sabiha, toa hivi vitu. Mtoto anataka hewa. Akijigonga kwenye ufito atalia, na akilia utajua yu hai. Akizama humu hatalia." Nikamwuliza ameshona mito mingapi tangu azaliwe. Akasema hata mmoja. Nikamwambia basi. Naye akaniuliza nimezaa watoto wangapi. Swali hilo ni utovu wa adabu, sikulijibu. Nikamwarifu tu kwamba mito kama hii niliiona kwa macho yangu mawili kule Raskazone, siku niliyopeleka mapazia, ndani ya nyumba ya Wazungu, imekizunguka kitanda kama hiki. Ni kweli kwamba ndani ya kitanda kile siku hiyo alikuwa amelala paka. Lakini alikuwa amelala vizuri sana.

4. Hili lilikuwa juu ya dada yangu Asmahani, mkeo. Nimelifuta, kwa sababu yeye ndiye atakayeipeleka barua posta. Niseme tu kwamba hana msimamo. Asubuhi akiwa na mama yako huzifungua kanda, alasiri akiwa na mimi huzifunga. Juzi nilimkuta ameukumbatia mto mmoja analia, ati hajui amsikilize nani, mtoto ni huyo mmoja tu aliyepewa, na baba yake yuko Moshi anapima magunia ya kahawa. Nikamwambia anisikilize mimi. Akaendelea kulia.

5. Kwa hiyo mwamuzi ni wewe. Naomba uandike amri, uipige muhuri wa stesheni, maana Bi Mwanasiti hajui kusoma lakini muhuri anautambua. Amri iseme kwamba mito ibaki. Iseme kwamba Bi Mwanasiti ataingia chumbani kwa ruhusa yangu, akiwa amenawa mikono mpaka kwenye viwiko. Iseme kwamba Nesi Dorkasi aje barazani kwangu siku tatu kujifunza sufi ni kitu gani. Ukishamaliza ya nyumbani, waambie wakubwa wako kwamba mji mzima una pembe kali mno. Nguzo za taa zivikwe mito. Milango ya shule ivikwe. Na mbele ya gari moshi lenu pafungwe mto mmoja mkubwa, nitaushona mimi, ili ng'ombe wanaogongwa njiani kuja huko wafe bila maumivu.

6. Ushahidi. Leo ni Ijumaa, fundi wangu amefunga cherehani. Bi Mwanasiti amekwenda hitima nyumba ya tatu. Dada amekwenda bombani, na kabla ya kutoka ameniambia, "Idarusi, mtazame." Basi nipo hapa chumbani, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, karatasi iko juu ya sanduku, na Sabiha yuko nyuma yangu katikati ya mito yake minne. Alianza kwa kurusha mateke, kisha akawa anagunaguna, nikamwacha apigane na sufi. Sasa amenyamaza. Kimya kabisa, shemeji, kinachosikika ni kalamu yangu tu. Hata pumzi husikii. Nakuuliza kwa haki ya Mungu, mtoto wa kitanda cha kamba hulala hivi?

Nakomea hapa, kwa kuwa wino umebaki tone na ukweli umeshaonekana. Msalimie mkuu wa stesheni, na makuli wote, na yule mpishi wa Kichaga uliyesema anaharibu wali, mwambie aongeze tui. Hapa wote wanakusalimu, na hata wale ninaowashitaki wanakusalimu, maana sina kinyongo.

Ni mimi shemeji yako mtiifu,
Idarusi
Fundi wa Madirisha ya Raskazone

Tanbihi, Jumamosi. Shemeji, Sabiha ni mzima. Nimeanza na hilo, usije ukasoma yafuatayo umesimama.

Nilipokuwa natia sahihi, Bi Mwanasiti alirudi kuchukua mtandio aliousahau. Akauliza toka mlangoni, "Mbona kimya?" Nikaweka kidole mdomoni nikamwonyesha kitanda, kwa fahari. Hakunitazama. Alimchomoa mtoto kwenye pembe, mahali mito miwili inapokutana, midomo ikiwa na rangi ya zambarau. Akampiga nyayo, akampulizia usoni, akamwita, "Sabiha! Sabiha, mama!" Sijui ilichukua muda gani. Kisha mtoto akalia. Dada alikuwa anaingia na ndoo, akafurahi kwamba mtoto ameamka.

Nesi Dorkasi tulimwita jioni ileile. Amempima, anasema hana neno, ananyonya. Mimi hakuniuliza swali lolote.

Amri usiiandike. Mito nimeichana yote, sufi imejaa uani mpaka kuku wanapiga chafya. Nimebakiza kipande kimoja cha bafta. Kina nyusi mbili za wanja, na doa katikati, na chini yake duara dogo mahali mdomo ulipokuwa. Nimekifua mara tatu. Bi Mwanasiti alisema kweli, hautoki. Nimekikunja nimekitia ndani ya bahasha hii ukione mwenyewe, na posta nitakwenda kwa miguu yangu.

Bi Mwanasiti amemwambia dada kwamba ni ukanda mmoja uliolegea, basi. Na leo nilipomwamkia, ameitikia.

Lakini kanda zangu hazikulegea, nimezikuta zimekaza zote. Soma tena namba sita, pale nilipoandika kwamba alikuwa anaguna. Nilimsikia, shemeji. Sikugeuka, kwa sababu nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kuisifia mito.